Nimeshindwa kesi ya shamba la marehemu baba Baraza la Ardhi la Wilaya, nataka kukata rufaa Mahakama Kuu

Mkulima Mdogo

Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo maana hapa nilipo kichwa kinawaka moto. Marehemu baba alinunua shamba kijijini mwaka 1994, kama ekari sita hivi, muuzaji alikuwa mzee wa hapo hapo kijijini ambaye naye alifariki 1999. Karatasi ya mauziano ipo, ya kuandika kwa mkono, mashahidi wamesaini na balozi wa nyumba kumi wa kipindi kile kasaini. Sisi tumekulia pale, miembe yote kapanda baba, akafariki 2011 tukamzika hapo hapo na mama bado anaishi kwenye ile nyumba mpaka leo. Miaka yote hakuna aliyetusumbua. Sasa mwaka juzi kaibuka mjukuu wa yule mzee, anadai babu yake hakuuza, eti alimkaribisha tu baba alime kwa muda, kwa hiyo baba alikuwa mwalikwa na sisi tuondoke.

Tulianza baraza la kata kusuluhishwa ikashindikana wakatupatia karatasi ya kuonyesha usuluhishi umeshindikana, jamaa akaenda kufungua kesi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya akanishtaki mimi peke yangu kwa sababu mimi ndo nalima. Sikuwa na wakili. Nilipotoa karatasi ya mauziano wakili wao akapinga kwamba haijalipiwa ushuru wa stempu (ule ushuru wa serikali kwenye hati), mwenyekiti akaikataa palepale. Baadae baraza likaja shambani kuangalia, mwenyekiti akaongea pembeni na jirani mmoja ambaye hakuwahi kuja kutoa ushahidi, alafu nakuja kusoma hukumu maneno ya yule jirani ndo yamebeba kesi nzima. Hukumu ilisomwa mwishoni mwa mwezi wa tatu, nimeshindwa, natakiwa niondoke na nilipe gharama. Leo mwezi wa tano ndo umeanza na nakala nimeipata juzi juzi tu.

Sasa rufaa naruhusiwa au nimeshachelewa? Naenda wapi? Naweza kwenda na shahidi mpya, kuna mzee mmoja aliyesaini ile karatasi alikuwa anaumwa wakati kesi inaendelea ila sasa yuko vizuri? Na wakati rufaa inaendelea wanaweza kumtoa mama kwenye nyumba? Hilo la mwisho ndo linaninyima usingizi.

Mzalendo Halisi

Pole sana ndugu. Usipoteze hela na mahakama, nenda kwa mkuu wa wilaya na hukumu yako mkononi umweleze mama mjane anataka kufukuzwa, ataitisha kikao na hiyo hukumu itakufa kifo cha kawaida. Ikishindikana andika barua wizarani. Au rudi baraza la kata muanze upya, mbona watu wanafanyaga.

Karani Mstaafu

Mkuu hapo juu nia yako nzuri ila unampoteza mwenzio. Mkuu wa wilaya hana uwezo wa kufuta hukumu ya baraza, kwenye hatua hii anayeweza ni Mahakama Kuu. Akianza kuzunguka na barua siku zake zinaisha akiwa amekaa kwenye mabenchi ya ofisi za watu. Na baraza la kata tangu sheria irekebishwe 2021 haliamui tena kesi za ardhi, limebaki na usuluhishi tu, wana siku 30, wakishindwa ndo mtu anaenda wilayani. Huko keshatoka, karatasi anayo.

Mleta mada, shauri lako kisheria limeanzia wilayani kwa sababu kata walisuluhisha, hawakuhukumu. Kwa hiyo rufaa yako inaenda Mahakama Kuu, na siku ni 45 tangu tarehe ya hukumu, ipo kwenye Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi Sura ya 216. Kuna mtu atakuja kukwambia ni 60, hizo ni za yale mashauri ambayo baraza la wilaya lilikaa kusikiliza rufaa, yaani ya zamani yaliyoamuliwa kwanza na kata. Mwingine atakwambia 30, hizo ni za kutoa notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani ukishindwa tena Mahakama Kuu. Zako ni 45. Fungua kalenda saa hii uhesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye hukumu, sio tarehe uliyopewa nakala. Sheria ya Ukomo Sura ya 89, ile ya muda wa mwisho wa kufungua mashauri, inaruhusu kuondoa zile siku ulizokuwa unasubiri nakala, najua, ila kama bado unaweza kuwahi ya nini uende kubishana na wakili wao kuhusu siku badala ya shamba? Ukipitiliza itabidi uombe kuongezewa muda kwa hati ya kiapo, na kila siku uliyochelewa uieleze ilikwenda wapi. Nimeona maombi yakitupwa kwa sababu ya siku chache tu ambazo mtu alishindwa kuzielezea.

Unahitaji nakala ya hukumu, nakala ya dikrii (ile amri rasmi inayotokana na hukumu) na hati yenye sababu za rufaa. Alafu leo hii andika barua kuomba mwenendo wa shauri, kopi yako wakugongee muhuri wa kupokelewa. Watu wengi wanabebana na hukumu tu wakati kwenye hukumu unasoma mwenyekiti alivyoona, mwenendo ndo wenye maneno ya kila shahidi, nani aliulizwa nini akajibu nini, siku gani kulikuwa na wajumbe (wale wanaokaa na mwenyekiti na kutoa maoni) na siku gani hawakuwepo. Sababu za rufaa zinachimbwa humo.

Shahidi mpya sahau. Mahakama Kuu haiiti mashahidi upya, inasoma yaliyoandikwa na kuyapima yenyewe. Mlango wa ushahidi wa ziada kwenye rufaa upo lakini ni mwembamba, kwa mfano baraza liliukataa ushahidi uliopaswa kupokelewa, au mahakama yenyewe ione inauhitaji ili iweze kuamua. Huyo mzee aliyekuwa anaumwa, ulimwambia mwenyekiti ukaomba ahirisho? Kama ulisema na likaandikwa hapo pana kitu. Kama ulikaa kimya imeisha hiyo.

Bi Hoja

Karani kamaliza ya siku. Mi nina swali moja tu kwa mleta mada. Huyo mjukuu alifungua kesi kama nani? Anadai shamba ni la babu yake marehemu. Mali ya marehemu haidaiwi na mjukuu, wala mtoto, wala mtu aliyechaguliwa na kikao cha ukoo, inadaiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama ameteuliwa na Mahakama ya Mwanzo lazima awe na ile fomu namba 4, yaani barua ya usimamizi wa mirathi. Kama hana hakuwa na haki ya kusimama pale barazani toka siku ya kwanza na baraza lilitakiwa limrudishe nyumbani. Hilo ni suala la kisheria, unaweza kuliibua hata kama hukulisema kule chini.

Na wewe pia, mirathi ya baba mmefungua? Maana nahisi hamjafungua.

Mkulima Mdogo

Asanteni sana wakuu. Karani nimehesabu, ninazo siku lakini ni za kuhesabika. Barua ya mwenendo nimeshapeleka na muhuri nimegongewa, yule karani wa pale kasema nirudi wiki hii.

Bi Hoja umenishtua. Kwenye hati yake ya madai kaandika jina lake tu hakuna sehemu kasema msimamizi. Na sisi kweli mirathi hatukufungua, baba alipofariki tuliona mama yupo, shamba lipo, hakuna mgogoro, tufungue ya nini.

Mama Tunu

Naomba niseme kitu tofauti kidogo na msinirukie. Hizo hoja za nani ana fomu na nani hana ni tamu kwenye rufaa na zinashinda, ila mjue ukishinda kwa hoja hiyo hujapewa shamba. Familia yetu ilipita humo humo. Mwanasheria wetu alikomaa na wajumbe wa baraza, kwamba maoni yao hayakusomwa mbele yetu kabla ya hukumu, Mahakama Kuu ikakubali, tukashangilia, kuja kusoma amri vizuri ni kwamba mwenendo na hukumu vimefutwa, shauri likaanze upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wajumbe wengine. Basi tukarudi sifuri. Mashahidi wetu wawili walishazeeka hawakumbuki kitu, mmoja alishafariki, na upande wa pili safari hii wakaja wamejifunza kila tulichosema mara ya kwanza. Hoja ya utaratibu inakununulia muda, na kuna kesi muda ndo unachotaka, ila mtu kama huyu mwenye mama ndani ya nyumba na ushahidi mzuri mkononi mimi ningemwambia apiganie ushahidi kwanza.

Bi Hoja

Mama Tunu hatupingani sana. Ila hii ya usimamizi sio sawa na ya wajumbe. Ya wajumbe shauri linarudi kuanza upya. Hii ikikubaliwa mdai anaambiwa hukuwa na kesi, nenda kateuliwe kwanza alafu ukitaka uje ufungue mwenyewe. Mzigo unahamia kwake. Na akija kufungua upya atakutana na ukomo.

Mpima Hoja

Hapo kwenye ukomo ndo nilikuwa nasubiri mfike. Madai ya kurudishiwa ardhi mwisho wake ni miaka 12. Yule mzee kafariki 1999, na kwa ardhi ya marehemu aliyekuwa anaimiliki mpaka kufa kwake muda unahesabiwa tangu siku aliyokufa, kwa hiyo hata tukimkubalia mjukuu kila kitu 2011 milango ilikuwa imefungwa. Kama wanasema mzee alishanyang'anywa akiwa hai basi ndo kabisa, ulifungwa mapema zaidi.

LAKINI, na hii lakini ndo kesi yenyewe, wakili wao sio mjinga. Ndo maana wamesema "mwalikwa" hawakusema mvamizi. Mwalikwa hana ukomo wa kumsaidia, Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba mtu aliyekaribishwa kwenye ardhi hata akae miaka hamsini haigeuki kuwa yake. Kwa hiyo kila kitu kinaning'inia kwenye swali moja, baba alinunua au alikaribishwa? Akiwa alinunua shamba ni lenu na maneno yameisha. Akiwa alikaribishwa hata miembe haiwasaidii. Na mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba alikaribishwa ni yule anayesema hivyo, sio wewe. Soma hukumu uone kama mwenyekiti alikubebesha wewe mzigo. Wanafanyaga hivyo bila kujua, utakuta kaandika "mdaiwa ameshindwa kuthibitisha umiliki wake" wakati mdaiwa sio aliyeleta kesi.

Sasa karatasi. Ushuru wa stempu ni kweli, hati ambayo haijalipiwa haipokelewi kuwa ushahidi. Ila sheria hiyo hiyo inaruhusu ilipiwe ushuru wake na faini alafu ipokelewe, na msimamo wa mahakama ni kwamba kabla ya kuitupa mtu apewe nafasi ya kwenda kulipia. Wewe ulipewa hiyo nafasi? Kwa ulivyoandika hukupewa. Hiyo ni sababu nzito, na ndo inaweza hata kukufungulia ule mlango mwembamba aliosema Karani, kwa sababu ni ushahidi uliokataliwa wakati ulitakiwa kupokelewa. Nenda TRA (mamlaka ya mapato) sasa hivi ukailipie usisubiri.

Na ile ziara ya shambani. Utaratibu wake unajulikana tangu kesi moja ya 1980 ambayo mawakili wote wameikariri, baraza likitoka kwenda kwenye eneo linaenda na wadaawa wote (pande zote mbili za kesi) na mashahidi, anayesema kitu anakisema kama shahidi na anaulizwa maswali, yanaandikwa, yanasomwa wote wasikie, alafu mnarudi barazani kuendelea. Mwenyekiti kuongea pembeni na jirani alafu kuyaweka kwenye hukumu ni sawa na kumpokea shahidi ambaye hujamwona na hujamuuliza. Hayo maneno yanatakiwa yafutwe, na ukishayafuta angalia kinachobaki kwa mjukuu.

Mzalendo Halisi

Haya nimekubali yaishe, nimejifunza. Ila hapo kwenye mama bado nasema mngeongea na viongozi wa kijiji, hata kama ni kumtuliza tu huyo kijana asije na mabaunsa.

Karani Mstaafu

Hilo la kumtuliza sawa, la kufuta hukumu ndo hapana 😂

Mkulima Mdogo

Wakuu mwenendo nimeupata. Nimeusoma usiku kucha, kurasa nyingi na mwandiko wa kompyuta umefifia. Naandika nilichokiona.

Kwanza yule mjukuu alipoapishwa alijitambulisha na mwaka wa kuzaliwa, 1996! Yaani wakati baba ananunua yeye hajazaliwa, na wakati babu yake anafariki alikuwa na miaka mitatu. Mashahidi wake wawili, mmoja ni mke wake na mwingine ni rafiki yake amehamia kijijini 2008. Wote wanasema "tulisikia" alikaribishwa, hakuna hata mmoja anayesema alikuwepo.

Pili mimi nilimuuliza swali (hata sikumbuki niliuliza kwa akili gani) kwamba wewe ni nani kwenye mali za babu yako, akajibu "ukoo ulikaa ukaniteua nifuatilie mali za babu, barua ya mahakama sina." Imeandikwa hivyo hivyo.

Tatu maoni ya wajumbe yamo kwenye faili lakini sioni siku waliyosomewa wadaawa, panaruka tu kutoka siku ya ushahidi kwenda siku ya hukumu.

Nne ziara ya shambani ina mistari minne tu, "baraza limetembelea eneo, jirani amethibitisha mipaka na historia". Jina la jirani hakuna.

Kuhusu yule mzee mgonjwa sikusema kitu barazani, haipo.

Mpima Hoja

Kaka wewe una rufaa. Huyo wa 1996 ni zawadi. Ushahidi wa kusikia hauthibitishi makubaliano ya 1994 kati ya watu wawili ambao wote ni marehemu. Na hukumu ikiondolewa maneno ya jirani asiye na jina haina miguu.

Bi Hoja

Sasa mimi nakuwa mchawi kidogo, bora uyasikie hapa kuliko kule. Ardhi ya kijiji ikiuzwa bila halmashauri ya kijiji kuridhia, mahakama za juu zimeshasema hayo mauziano ni batili. Balozi wa nyumba kumi sio halmashauri ya kijiji. Karatasi yako ina chochote cha uongozi wa kijiji?

Mkulima Mdogo

Muhuri haina. Ila mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule kasaini kama shahidi na kaandika cheo chake.

Bi Hoja

Saini yake inasaidia lakini usiipigie debe sana. Wao kule chini hawakusema mauziano ni batili, walisema hayakuwepo kabisa, kwa hiyo usiwafungulie mlango wewe kwa kuandika sababu ndefu za kusifia karatasi. Andika tu kwamba baraza lilikosea kuikataa bila kukupa nafasi ya kulipia ushuru. Wakiibua wenyewe utajibu kwamba hilo ni jambo jipya, lakini wanaweza kusema ni hoja ya kisheria, kwa hiyo uwe na jibu la pili.

Mama Tunu

Na hapo ndo mjue kwa nini nasema mpangilio wa sababu ni muhimu. Usiweke kumi na tano. Majaji wanasoma mafaili mengi, ukileta sababu kumi na tano ambazo nane zinasema kitu kile kile kwa maneno mengine umejichosha mwenyewe.

Mkulima Mdogo

Nimejaribu kuandika, nirekebisheni:

1. Kwamba baraza lilikosea kisheria kusikiliza shauri la mtu asiye msimamizi wa mirathi ya marehemu babu yake.
2. Kwamba baraza lilikosea kuamua baba yangu alikuwa mwalikwa kwa ushahidi wa kusikia, wakati mdai na mashahidi wake hakuna aliyeshuhudia.
3. Kwamba baraza lilikosea kukataa hati ya mauziano bila kunipa nafasi ya kulipia ushuru wa stempu.
4. Kwamba baraza lilikosea kutumia maneno ya jirani ambaye hakuwa shahidi kwenye ziara ya eneo la mgogoro.
5. Kwamba maoni ya wajumbe hayakusomwa.
6. Kwamba mama yangu anayeishi kwenye eneo hakuunganishwa.
7. Kwamba mwenyekiti alikuwa na upendeleo kwa sababu alionekana akisalimiana na wakili wa upande wa pili.

Karani Mstaafu

Ya saba futa. Watu wa mahakamani wanasalimiana kila siku, huna ushahidi nayo na inakufanya uonekane mtu wa lawama. Nyingine nzuri. Ya pili igawe, moja iwe ya mzigo wa kuthibitisha kubebeshwa mdaiwa (kama hukumu kweli imeandika hivyo, nukuu ukurasa), nyingine ya ushahidi wa kusikia. Ya tano iweke mwisho, na ujue kuna kifungu kinasema uamuzi wa baraza haufutwi kwa kasoro ya utaratibu isipokuwa kasoro hiyo imesababisha haki isitendeke, wakili wao atakipiga hicho kwenye ya nne na ya tano. Ya nne una jibu maana maneno ya jirani yametumika kukushinda. Ya tano jibu lako ni dogo, japo Mahakama ya Rufani imeshafuta mashauri mengi kwa kosa hilo.

Mwisho kabisa andika unaomba nini. Watu wanasahau hii. Omba rufaa ikubaliwe, hukumu itenguliwe, madai ya mdai yatupwe kwa kuwa hayakuthibitishwa, na gharama. Usiandike "naomba shauri lianze upya" kama ndo ombi la kwanza. Mahakama ya kwanza ya rufaa ina uwezo wa kupima ushahidi upya na kuamua yenyewe nani mwenye haki, iombe ifanye hivyo.

Na uandike kwa Kiswahili bila woga, tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Mkulima Mdogo

Sawa mkuu. Na ya mama kutolewa kwenye nyumba? Nimesikia jamaa ameshaomba kukazia hukumu, yaani itekelezwe.

Mpima Hoja

Kukata rufaa peke yake hakuzuii kukazia hukumu, wengi wanadhani inazuia na ndo wanashangaa dalali yuko mlangoni. Ukishasajili rufaa peleka na maombi ya zuio la utekelezaji kwa hati ya kiapo, mama naye anaweza kuapa kiapo chake. Onyesha hasara isiyo ya kawaida itakayotokea, kwamba mama ni mzee anaishi humo, kaburi la baba lipo hapo, kwamba hujachelewa kuleta maombi, na kwamba uko tayari kutoa dhamana mahakama itakayoona inafaa. Weka cheti cha dharura juu yake ili yasikilizwe mapema. Fanya pamoja na rufaa usisubiri wiki nyingine. Na kama kuna wito wa baraza kuhusu kukazia nenda, usikimbie, sema umekata rufaa na umeomba zuio uonyeshe na kopi.

Bi Hoja

Na mirathi ya baba nendeni mkafungue Mahakama ya Mwanzo hata kesho. Kwenye rufaa hii haitabadilisha kitu kwa sababu ulishtakiwa kwa jina lako, lakini mdai akija upya atakuta kuna msimamizi anayejulikana, na nyie wenyewe ndugu hamtagombana baadae.

Mzalendo Halisi

Wakili je, anahitaji? Maana wanatoza hela ndefu.

Mama Tunu

Anaweza kusimama mwenyewe ila kama kuna uwezo wa kumlipa mtu hata aandike tu sababu na maombi ya zuio, afanye. Kama hakuna aulize msaada wa kisheria, sheria yake ipo tangu 2017 na kila halmashauri ina msajili msaidizi anayejua mashirika na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa eneo lake. Ila hao vishoka wanaokaa nje ya mahakama wakisema "nipe nikuandikie" akae nao mbali.

Mkulima Mdogo

Mrejesho wakuu. Nimesajili. Siku hizi ni kwenye mfumo wa mtandao, nimefungua akaunti nikaskani kila kitu, pale masjala kuna kijana alinielekeza nilipokwama, nikapata kontrol namba nikalipia siku hiyo hiyo. Siku 45 hazijaisha. Maombi ya zuio nayo yameingia na yamepangiwa tarehe mbele ya msajili. Karatasi ya mauziano nimeilipia ushuru na faini, wameigonga. Mwanasheria wa shirika moja kakubali kunisaidia bure kwenye kusikilizwa.

Sasa kaniambia rufaa yenyewe jaji anaweza kuamuru tusiongee mahakamani, tuandike hoja kwa maandishi. Hiyo ni kawaida au ni ujanja?

Karani Mstaafu

Kawaida kabisa na kwako ni nzuri, maana hoja zako zinataka mtu akae asome kurasa za mwenendo. Jaji atatoa ratiba, wewe mrufani unaanza tarehe fulani, mjibu rufani anafuata, wewe unapewa siku za nyongeza ya majibu. Hizo tarehe ziandike mahali unapoziona. Usipoleta hoja zako kwa tarehe uliyopewa inahesabika kama mtu ambaye hakutokea siku ya kusikilizwa, na rufaa inafutwa ukiwa na kila kitu mkononi. Ukiona hamuwahi mwambie huyo mwanasheria aombe kuongezewa kabla tarehe haijafika.